Neno "Haisomeki"

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, na hata leo nikipita penye barafu ya samaki inanirudia. Nilikuwa nimemaliza sekondari hapa Kalemie, namsaidia daktari wa mifugo, mzee mpole tuliyemwita Papa Dokta. Alikuwa ameukata wote uvimbe wa shingoni mwa ng'ombe wa Mama Nyota, ng'ombe wake wa pekee, tena mwenye mimba. Labo, yaani maabara, ya Lubumbashi ndiyo ingesema kama ni ugonjwa mbaya.

Papa Dokta alikuwa anakwenda Moba. Akaniachia chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhi nyama. "Kata vipande visivyozidi unene wa kidole kidogo, tumbukiza humu, tuma. Barafu hapana."

Mimi, mtoto wa mvuvi, nani wa kunifundisha kutunza nyama? Na dawa yenyewe iliniwasha macho. Nikaufunga uvimbe mzima kwenye barafu, kama samaki mukeke wa kwenda sokoni, nikaupandisha treni. Treni zetu unazijua zinavyochelewa.

Jibu likarudi: imeoza, haisomeki.

"Mutoto wangu, wanasema nini?" Mama Nyota aliniuliza.

"Wanasema haisomeki, Mama."

Nikaishia hapo. Barafu sikuitaja. Yeye akaelewa kwamba ugonjwa ni mkubwa hata wasomi wameshindwa kuusoma. Kesho yake akamwita mchinjaji.

Papa Dokta alirudi wakati ng'ombe anapasuliwa. Mapafu safi, maini safi, na ndama amelala tumboni. Hapo ndipo nikasema yote.

"Kumbe ulituma kitoweo!" Papa Dokta alisema. "Labo haipiki."

Mama Nyota hakunitukana. "Ungeniambia barafu yako njo iliharibu," alisema, "ningengoja." Jumapili akaniita kwake kula ugali.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amezeeka pamoja nami.

Sasa wewe unaianza kazi ile ile. Kata kipande chembamba, pale uvimbe unapokutana na nyama yenye afya. Dawa iizidi nyama mara kumi. Jina liandike kwenye chupa, maana kifuniko huhama. Na ukikosea, mwanangu, sema kabla kisu hakijanolewa.

Mungu akupe mkono mtulivu, na ulimi mwepesi wa kusema: ni mimi.