Spana ya Ishirini na Saba

Mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alisambaza mikate madukani kwa pikipiki iliyokuwa ya mumewe, kabla lori halijamvunja nyonga na kumkalisha dirishani na mkongojo wake. Tangu hapo mke akawa wa kutoka, mume wa kusubiri. Watu walimsifu yule bwana kwa uvumilivu. Naye akawa anatabasamu tu.

Asubuhi moja Chiriku alikuwa akiteremka mlima, kreti imejaa nyuma, alipohisi pikipiki inayumba kiuno kama mlevi. Akafunga breki taratibu, akashuka, akachungulia. Nati ya ekseli ya gurudumu la nyuma ilikuwa imening'inia kwenye uzi wa mwisho. 

Chini ya kiti alikuwa na spana malaya, ile inayojipanua kukubali nati yoyote. Akaijaribu, ikateleza, ikaanza kula kona za nati. Akaikaza nati kwa vidole, akaikokota pikipiki hadi gereji ya Kipara.

Fundi Kipara akapiga magoti, akaipapasa nati.

"Mama, nani kaigusa hii?"

"Nani aiguse? Si mtikisiko wa barabara?"

"Mtikisiko hulegeza nati, hauchomoi pini. Pini ya kuizuia haipo. Imetolewa na mtu."

Akainuka kutafuta spana ya ringi ya ishirini na saba, ndiyo saizi yake. Akapekua sanduku, akapekua chini ya benchi, kisha akasimama ghafla.

"Aliichukua mzee wako jana. Alijikongoja mpaka hapa. Alisema anakaza kitanda."

Kitanda chao kiligongwa kwa misumari, hakikuwa na nati hata moja.

Alimkuta mumewe dirishani palepale.

"Umerudi mapema," mume akasema.

"Nipe spana, baba watoto."

Akaitoa chini ya mto bila kubisha. Ilikuwa imefutwa grisi, safi kama kijiko.

"Nilitaka kung'oa gurudumu ukae nyumbani. Kila ukitoka naliona lile lori. Nikailegeza nati, mikono ikaniishia nguvu."

"Na asubuhi? Si ulinifungulia geti mwenyewe? Ukaniambia niende salama."

"Ulikuwa na haraka."

"Na pini iko wapi?"

Mume akageukia nje, akawa anatazama barabara.

Chiriku akarudi gereji, akakaza nati mwenyewe kwa ile spana, huku Kipara akimsihi, "Basi, mama, basi, utaivunja." Mikate ikafika madukani imechelewa.

Dada yake aliposikia hakuzunguka. "Kikulacho ki nguoni mwako. Fungasha." Lakini kufungasha ni rahisi kwa mdomo. Yule mtu hawezi hata kujitekea maji, na huenda alisema kweli. Hofu nayo humfanya mtu mjinga. Chiriku akabaki. Ila pikipiki sasa inalala gerejini kwa Kipara, na majirani wanashangaa jinsi Chiriku alivyopungua maneno.

Mumewe hajawahi kuuliza pikipiki ilikwenda wapi. Ila kila jioni, akishawekewa chakula, humuuliza kwa upole:

"Kesho utapita njia gani, mke wangu?"

Naye humtajia njia ambayo hatapita.