Bunduki Inayopiga Teke

Katika chumba cha gemu kule mtaa wa Jericho, nyuma ya soko, sheria ni moja: anayeshinda habanduki kitini. Mwaka mzima kiti cha kushoto kilikuwa changu. Mdogo wangu, binti anayenifuata kwa mama, alikuwa anakuja, namchapa, anarudi kwenye foleni akinung'unika. Nilikipenda kiti kile, sifichi.

Ndipo ikaja sehemu mpya ya gemu yetu ya vita. Katika ile ya zamani bunduki ilitulia: ukilenga karibu na adui, gemu yenyewe inakumalizia. Hii mpya inapiga teke. Kila risasi mtutu unaruka juu, na kazi ya kuuteremsha ni ya kidole chako. Risasi zangu zilienda mawinguni. Mdogo wangu, akiwa kiti cha kulia, akanitoa siku ya kwanza na hakubanduka tena. Kila aliyeketi kushoto kumkabili aliinuka akiwalaani waliotengeneza gemu.

"Hii gun ni takataka," nilitangaza. Mtaa mzima ukaniunga mkono.

"Si useme tu umelemewa, siste," mdogo wangu akajibu.

Nilimkera mama mwenye chumba mpaka akakubali: Jumamosi angeipeleka diski mpya Eastleigh, aibadilishe na nyingine. Mdogo wangu alikasirika hadi machozi yakamlengalenga.

Ijumaa alitoka kununua soseji za smoki, nami nikakalia kiti chake nijaribu. Bunduki ilinitii, tamu ajabu. Nikatazama upande wa kushoto wa skrini. Padi ya kushoto, kidude cha kuchezea, ilikuwa imelala kitini, haijashikwa na mtu, lakini askari wake alikuwa anainua uso polepole, anaangalia mbingu. Kijiti cha kulengea cha padi ile kilikuwa kimelegea, na aliyekilegeza kwa mwaka mzima ni mimi. Gemu ya zamani ilikuwa inatufichia tu.

Ningenyamaza, diski ingeondoka kesho yake na kiti kingerudi kwangu. Mdogo wangu akaingia na smoki mbili, moja yangu.

"Mathe!" nikamwita mwenye chumba. "Kuja uone hii padi."

Jumamosi mama huyo akarudi kutoka Eastleigh na padi mpya, diski ikabaki. Nikaketi kushoto kwa mbwembwe zote. Mdogo wangu akanichapa mara moja, vizuri. Iliniuma kweli. Halafu nikacheka, nikaenda kusimama kwenye foleni, sina padi ya kusingizia.