Kibubu cha Mama na Mstari wa Ukutani

Enzi zetu hakukuwa na salio la kuchungulia kwenye simu. Akiba ilikaa ndani ya kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, na ukitaka kujua kilichomo, ama ukivunje ama upige hesabu.

Tulikuwa watatu kwenye chumba kimoja Kansanga: mimi mkubwa, Zuhura akinifuata, na Idi kitindamimba. Baba alitangulia tungali wadogo. Mama aliuza vitumbua, na nguo zetu zilinuka iliki hata tukiwa shuleni. Alikuwa na mwiko mmoja: sahani ya jirani hairudi tupu. Akikosa cha kutia, alifunga chumvi kidogo kwenye karatasi. "Chombo hakiendi kitupu," alisema, nasi tukakimbizana uani na sahani hizo, tukidokoa njiani. Alipoanza kuugua, fundi alimtengenezea kibubu. Alinikabidhi kikiwa kimeshapigiliwa, akasema kisipasuliwe mpaka Zuhura aingie sekondari.

Alipofariki niliacha shule, nikaenda kupika chapati Wandegeya. Kila Jumamosi nilitia elfu tano. Kuongeza sikuweza, hiyo yenyewe niliipata kwa sababu tulikula kikomando, chapati za jana zilizokatwakatwa kwenye maharage, siku zote ila sikukuu ya Idi.

Mwisho wa masomo yangu ulikuwa milinganyo ya mistari, basi nikauchora mstari wa akiba yetu ukutani kwa mkaa, wiki zikienda kulia, shilingi zikipanda juu. Niliuanzisha kwenye sifuri, kwa kuwa hatukujua vingine. Ulipanda vizuri, lakini wiki ya thelathini, shule zikifunguliwa, ulifika laki moja na nusu tu. Ada ilikuwa laki mbili.

Zuhura aliutazama kila tulipokula. Mwishowe akasema kuna mama mmoja kwenye soko la Owino anatafuta msichana wa kupanga nguo. Idi alikitikisa kibubu, lakini noti hazigongi.

"Dada, mstari wako umechoka njiani," alinitania. "Tukivunje, angalau tule nyama."

Nilimwambia hakivunjwi, na Zuhura haendi Owino. Sikuwa na hesabu ya kunitetea. Nilikuwa na neno la mama tu.

Siku ilipofika tuliazima nyundo. Idi alihesabu, akanitazama, akarudia. Laki mbili na elfu kumi. Akanishuku kwamba nilikuwa nikitia zaidi wao wakiwa wamelala. Zuhura aliinuka. Alichukua mkaa, akatia nukta mpya juu ya wiki ya thelathini, kisha akarudi nayo nyuma kwa mwinuko uleule mpaka wiki ambayo hatujaweka hata shilingi. Mstari haukutua kwenye sifuri. Ulitua kwenye elfu sitini.

"Chombo hakiendi kitupu," alisema.

Ukuta ule umeshapakwa rangi na wapangaji wengine. Watoto wa siku hizi simu huwaambia salio kabla hawajauliza, na nikichora mstari wananiuliza kama betri yangu imeisha. Sina ugomvi nao, hawaharibu mbao. Juzi Idi alimfungulia binti yake akiba kwenye simu, akampa aione. Sifuri. Niliiomba kwanza ile simu, nikatuma elfu moja, ndipo nikamrudishia mtoto.