Asafishaye Meno ya Mbwa, Mume Akimtazama

Saa moja asubuhi, ukungu bado haujaachia mji wa Mbinga, na Emerensiana Ndunguru amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji nje ya ghala la kahawa. Mkono wake wa kushoto umeinua mdomo wa juu wa mbwa mkubwa mweusi aitwaye Doria. Wa kulia umeshika mswaki wa mtoto, ambao vidole viwili vilivyokakamaa vinaubana kwa taabu.

Anapitisha mswaki kwenye magego ya nyuma, polepole, akifuata ufizi. Mbwa anakoroma kidogo, kisha anatulia.

Kwenye nguzo ya geti amesimama mwanamume aliyekunja mikono kifuani. Hasogei karibu, wala haondoki. Huyo ni Zabron, mumewe.

"Ndivyo tunavyofanya kazi siku hizi," anasema Emerensiana bila kugeuka. "Mimi namwangalia mbwa, Baba Rosina ananiangalia mimi."

Emerensiana, mwenye umri wa miaka 36, ni binti wa wakulima wa kahawa wa Matiri. Baada ya kusomea mifugo alipangiwa kazi ya serikali Mbamba Bay, na huko ziwani akaolewa na Zabron, mvuvi. Mkatoliki wa milimani na Mwanglikana wa ufukweni; ndugu wa pande zote mbili walinung'unika, kisha wakazoea.

Mwaka 1993 jina lake lilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazini. Alirudi nyumbani akalima mihogo. Mwaka uliofuata wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia kwenye kahawa. Wakakodi maghala Mbinga, wakaleta mbwa wa kulinda na paka wa kukamata panya wanaotoboa magunia.

Mmoja wa wanunuzi hao, Bernadi, aliyefiwa na mkewe, alikuwa na mbwa aliyeacha kula. Walishampa dawa za minyoo bila nafuu. Emerensiana, aliyekuwa amekwenda mjini kumtembelea dada yake Kunigunda, aliitwa akamwone. Alipoinua mdomo wa Doria alikuta ukoga mgumu umefunika magego, ufizi unatoka damu, na chini ya jicho kuna uvimbe. Mbwa alikuwa ametafuna mnyororo wake mpaka gego likapasuka.

Aliomba aitwe daktari wa mifugo wa wilaya. Daktari akamchoma Doria sindano ya usingizi, akaling'oa gego lile na kukwangua ukoga, naye Emerensiana akimsaidia. Kazi ya kila wiki, ya kupiga mswaki na kukagua, akaachiwa yeye.

Habari zikaenea kwenye maghala mengine, kisha nyumba za mapadre, kisha kwa wenye paka. Kwa mbwa mmoja hulipwa shilingi elfu moja. Kuna wiki nyavu za Zabron zilitoka ziwani tupu, na nyumba ikala kwa meno ya mbwa.

Hapo ndipo wivu ulipoanza, na Zabron hauiti kwa jina jingine.

Mkewe alikuwa akipanda mlima kila Jumatano na kulala kwa dada yake siku mbili. Siku moja alirudi akiwa amepewa lifti na Bernadi mwenyewe, ndani ya Land Rover, watu wote wa Mbamba Bay wakiona. Ufukweni wenzake walimtania kwamba mkewe humpigisha mswaki mbwa wa tajiri, wakamuuliza kama na yeye hupigishwa. Alicheka nao. Usiku hakumsemesha mkewe.

"Nilikuwa na gego linaniuma mwaka wa pili," anasema Zabron. "Kila nikimwambia, ananijibu niende hospitali. Ila mbwa wa watu anamfungua mdomo na kumtazama jino moja moja. Niambie wewe, ndugu mwandishi, ungejisikiaje?"

Alimkataza kwenda. Emerensiana alimsikiliza mpaka mwisho, na Jumatano iliyofuata akafunga mkoba wake akaenda.

Kesho yake Zabron aliacha nyavu zake hazijashonwa, akadandia lori lililobeba usipa, dagaa wa ziwani, kupeleka Mbinga. Hakuaga mtu. Alipofika ghalani kwa Bernadi, geti lilikuwa limerudishiwa tu. Kabla hajabisha alisikia sauti ya mkewe kwa ndani, laini, sauti ambayo anasema hakuwa ameisikia tangu mtoto wao Rosina alipoacha kunyonya.

"Fungua mdomo, baba," sauti ilisema. "Taratibu. Hivyo hivyo, mzuri wangu."

Zabron alilisukuma geti kwa bega, likagonga ukuta kwa kishindo. Doria alishtuka akafunga meno, na mkono wa Emerensiana ulikuwa bado ndani.

Mbwa aliuachia mara moja. Lakini hakukimbia. Alisimama kati ya mwanamke aliyekuwa akivuja damu na mwanamume aliyeingia, meno yake safi yakiwa wazi yote, asimruhusu Zabron kumfikia mkewe mpaka Emerensiana alipomtuliza kwa mkono uliobaki mzima.

"Alimlinda mke wangu dhidi yangu mimi," anasema Zabron. "Hilo liliniuma kuliko kuiona damu."

Alivua shati akamfunga mkono, akampeleka hospitali kwa miguu. Doria alikuwa amechanjwa kichaa cha mbwa, hata hivyo Emerensiana alichomwa sindano zote. Mishipa ya vidole viwili haikupona sawasawa. Njiani kurudi Mbamba Bay alimwambia mumewe neno moja tu, kwamba kama alitaka kuona, angebisha hodi.

Zabron alipata aibu. Wivu, anasema, haukuondoka. Ulibaki palepale, ila sasa una pa kukaa.

Kwa mkono ule Emerensiana hawezi tena kufungua mdomo wa mnyama mkali na kupiga mswaki kwa wakati mmoja. Alitaka kuajiri kijana. Zabron alikataa kijana, akajitolea mwenyewe. Amejifunza kumshika paka kwa taulo na kumwinua mbwa mdomo bila kumtisha. Anakubalika na mbwa wote wa Mbinga, isipokuwa Doria. Hapo hubaki getini.

Mwezi uliopita Bernadi alimwahidi Emerensiana mshahara wa kudumu na chumba ndani ya ua. Zabron aliposikia hakula siku nzima. Emerensiana alikataa chumba.

"Sikukataa kwa ajili ya wivu wake," anasema, akisuuza mswaki kwa maji ya kuchemsha. "Nimekuwa mwajiriwa, nikaambiwa rudi nyumbani. Safari hii nataka pangu."

Amepata fremu ya duka karibu na soko la Mbinga, yenye bomba la maji na nafasi ya meza ndefu ya kuhudumia paka. Familia itahamia milimani kabla ya msimu wa kahawa. Zabron atanunua usipa kwa wavuvi wenzake na kuuza barazani, mbele ya fremu hiyo.

Alipoulizwa kama bado anamwonea mkewe wivu, Zabron alitazama pembeni, akajibu kwamba ndiyo, hasa kwa mbwa huyo.

Emerensiana anamsikia, anatabasamu. Anasema fundi ameshaanza kazi.

"Nimemwambia auzibe mlango wa nyuma kwa matofali, ubaki ule wa barazani tu," anasema. "Akaniuliza kama nawaogopa wezi. Nikamwambia azibe tu."