Kioo cha Kushoto

Pikapu yetu ya Kitale haina kioo cha upande wa kushoto. Kiling'olewa na ng'ombe wa jirani aliyekuja kujikuna hapo. Huyo ng'ombe alikuwa na tabia mbaya sana, lakini hiyo ni hadithi ingine. Tangu siku hiyo mke wangu ndiye kioo. Tukipeleka kabichi kwao Myanga, tukifika Webuye pale unaingia barabara kuu, mimi naangalia kulia, yeye anatoa kichwa dirishani kuangalia malori yanayotoka upande wa Eldoret. Nangoja. Akisema, "Twende, mzee," naenda. Miaka mingi hivyo, na hatujawahi kugongwa.

Sasa niko Kanada kwa binti yetu. Yeye ni nesi, anatoka nyumbani mapema, na mjukuu lazima apelekwe shule. Hiyo ndiyo kazi iliyonileta. Mama, mke wangu, alibaki na ng'ombe wetu. Tulipatana nikae mwaka mmoja tu. Lakini leseni yangu ya Kenya huku haikutosha, ikabidi nifanye mtihani upya na uzee huu.

Binti alinisomea kitabu cha sheria, maana Kiingereza changu ni cha kuulizia bei. Sheria zingine nilizipenda. Basi la manjano la watoto likisimama, magari yote yanasimama, hata yale yanayokuja. Na kuna njia panda ambapo aliyefika kwanza ndiye anatangulia, kama foleni ya posho mill tukienda kusaga mahindi. Lakini aliponiuliza gari likikufia barabarani utafanya nini, nikajibu nakata matawi, nayapanga nyuma ya gari wenzangu wayaone. Si ndivyo? Alicheka mpaka akafunga kitabu. Halafu akaacha kucheka.

"Baba," akasema, "umenikumbusha nyumbani vibaya."

Shida ilikuwa kiti. Huku dereva anakaa kushoto, na hicho ni kiti cha mama. Siku ya mtihani nilifika njia panda, nikaangalia kulia kama nilivyozoea, nikangoja. Barabara ilikuwa wazi kabisa. Gari la nyuma likapiga honi. Yule mama wa kunipima, mtu mpole, akauliza nangoja nini. Ningemwambiaje, bana? Nikaanguka.

Nikajifunza kugeuza shingo. Mara ya pili, kwa ile njia panda, nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikajiambia "Twende" moyoni, nikaenda. Nikapita. Binti akapika ugali, lakini unga wa huku hauna harufu ya kitu.

Kesho yake nikampeleka mtoto shule, kisha nikapiga simu Kitale, ambako ilikuwa jioni. Nilidhani mama atafurahi.

"Na huko nani anakuangalilia ule upande mwingine?" akauliza.

Nikasema siku hizi naangalia mwenyewe. Nilisikia ng'ombe nyuma yake, nikajua ni saa ya kukamua. Halafu, kama mtu anayebadilisha maneno, akasema kijana wetu amenunua kioo cha pikapu, fundi atakuja kukifunga.

"Mwambie akiweke stoo," nikasema. "Kisifungwe mpaka nirudi."

"Kijana ataendeshaje?"

"Si ana shingo."

"Na ukirudi?"

"Nikirudi pia kisifungwe."

Akacheka kidogo, akasema ng'ombe wanamngoja. Lakini hakukata simu.