Mgeni wa Alhamisi

Niwieni radhi kwa ukimya wa miezi miwili.

Leo nimepikishwa chai nyumbani kwangu mwenyewe.

Kadzo, msaidizi wetu wa nyumbani, anatoka Ganze na anaishi nasi. Sheria inampa siku ya mapumziko kila wiki, nami niliiandika katika mkataba: Alhamisi. Jumapili huja wajukuu wanane, na wote wanakula.

Leo Alhamisi, saa nne asubuhi, nikasikia hodi mlango wa mbele.

"Karibu!" nikaitikia.

Akaingia Kadzo, amejifunga leso mpya.

"Shikamoo, babu. Leo siko kazini. Nimekuja kuwatembelea."

Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. "Mgeni huyo, mwalimu! Mpe chai."

Nifanyeje? Nikabandika sufuria.

Kadzo akanywa taratibu, kisha akasema, "Babu, Alhamisi wenzangu wote wako kazini, na kanisani hakuna mtu. Napumzika na nani? Naomba Jumapili."

Nimefundisha miaka mingi. Swali hili nawaletea nyinyi.

Ingekuwa nyinyi, mngemjibuje?

Nikishaamua nitawaandikia. Kwanza nioshe vikombe, maana mgeni haoshi vyombo.