Kibanio cha Odessa

Lorraine Wisniewski alipakua chakula cha shule miaka ishirini na miwili, na humo alijifunza jambo lisiloandikwa kwenye cheti chochote: mtoto anayesukuma sahani bila kuonja ana neno moyoni. Magoti yalipomgomea jikoni, akahamia kuangalia watoto baada ya masomo, kwenye chumba cha chini ya kanisa pale mjini Erie, Marekani, saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni. Mdomo wake haukuwa na breki. Watoto walimpenda hivyo hivyo.

Ubao wa rangi aliuchukia tangu siku ulipoletwa. Kila mtoto alikuwa na kibanio cha nguo chenye jina lake, na akiingia alikibana kwenye rangi ya moyo wake: kijani shwari, buluu huzuni, njano wasiwasi, nyekundu hasira. "Mambo ya watu wasio na kazi," Lorraine alisema. Wiki mbili hazikupita, akanywea. Mtoto akibana nyekundu, yeye alichukua chungwa, akaketi naye kwenye ngazi, akalimenya polepole bila kuuliza kitu. Kabla chungwa halijaisha, mtoto alikuwa keshasema. Mmoja kapotelewa na mbwa, mwingine baba kahama. Wakimaliza walirudi kucheza.

Halafu akaja Bi Crandall, msimamizi mpya, mwanamke wa tabasamu kubwa na moyo mdogo. Yeye aliuona ubao, hakuwaona watoto. Akabandika sharti ukutani: nyekundu mara tatu kwa wiki moja, mtoto akae nyumbani mwezi mzima. Eti ajifunze kujitawala! Mungu anisamehe, lakini anayemwadhibu mtoto kwa kusema ukweli hafai kuachiwa hata kuku. Kesho yake vibanio ishirini na vitatu vilikaa kwenye kijani. Watoto si wajinga.

Kilichosalia ni kimoja, cha Odessa Pruitt. Alikuwa na miaka tisa, mama yake kalazwa hospitali tangu Novemba, naye yuko na bibi anayefua mashuka hotelini mpaka saa kumi na mbili. Jumatatu alibana nyekundu. Jumanne, nyekundu. Jumatano akaingia na theluji kwenye buti, akabana nyekundu tena kwa nguvu, akaenda chooni.

Lorraine akamfuata Bi Crandall kwenye korido.

"Ukimtoa huyu atakaa peke yake kwenye nyumba tupu, na baridi yote hii."

"Simtoi, Lorraine. Nampa nafasi ya kutafakari."

"Atafakari na nani? Na friji?"

"Wewe umezoea miko na masufuria. Haya mambo yana utaalamu wake."

"Mwiko wangu haujamtia mtoto uongo mdomoni hata siku moja. Wewe umewatia ishirini na watatu kwa mpigo!"

Bi Crandall hakuacha kutabasamu. "Saa kumi napita na fomu yangu. Nikikuta nyekundu, nampigia bibi yake simu. Basi."

Lorraine alirudi chumbani. Saa ya ukutani ilibakiza dakika mbili. Akautazama mlango wa choo, akakichomoa kibanio cha Odessa, akakihamishia kwenye kijani.

Bi Crandall alikuja, akahesabu kwa kalamu, akafurahi. "Unaona? Mtoto akiwekewa mipaka hutulia."

Lorraine alimeza tusi la Kipolandi alilorithi kwa mama yake.

"Nani kagusa kibanio changu?"

Odessa alikuwa amesimama nyuma yao, maji yakimchuruzika mikononi. Bi Crandall akageuka. "Kwani leo si kijani, mpenzi?"

Lorraine akamkonyeza Odessa. Sema ndiyo, mwanangu, alimwomba kimoyomoyo. Sema ndiyo uponyoke. Odessa alimtazama yeye, si Bi Crandall. Alimtazama mpaka Lorraine akaangalia sakafu.

"Ndiyo, Bi. Ni kijani."

Fomu ikajazwa, viatu vya Bi Crandall vikapanda ngazi. Lorraine akainama. "Nimekuokoa, mama," akanong'ona. Odessa alijifuta mikono kwenye suruali na kwenda zake.

Alhamisi aliingia macho yamevimba, akabana kijani. Lorraine alichukua chungwa, akaketi kwenye ngazi.

"Njoo tukae, Odessa."

"Sina haja."

"Umelia wewe."

"Sijalia."

"Mama je? Hospitali wamesemaje?"

Mtoto akamkunjulia tabasamu, pana, la meno yote. Lorraine alilijua, alikuwa akiliona kila siku usoni mwa Bi Crandall.

"Niko kijani, Bi Lorraine. Si ulinibana mwenyewe?"

Akaenda kukaa na wenzake. Mficha maradhi kilio humfichua, na safari hii aliyefundisha kuficha si Crandall. Lorraine alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, akajichukia. Aliendelea kumenya kwa sababu mikono haikujua kazi nyingine. Chungwa lilikwisha, maganda yakamjaa mapajani, na hakuna mtoto aliyekuja.